Panya Aliyeitwa Sungura

Nianze na kile kikaratasi, maana ndicho kilichonipandisha hasira, na mpaka leo hazijashuka zote. Kilikuwa cheupe, kimechapwa kwa kompyuta na kubandikwa kwenye meza iliyofunikwa kitambaa cha kijani, katika ukumbi mmoja hapa Masasi ulipofanyika maonyesho ya utamaduni. Kiliandikwa hivi: Sungura. Ishara ya ujanja. Asili: Newala. Msanii: hajulikani.

Mambo manne, na la kweli ni moja tu, hilo la Newala. Hakuwa sungura, alikuwa panya. Ujanja haukuhusika hata kidogo. Na aliyemfinyanga ni mama yangu mzazi, ambaye mwandishi wa kikaratasi hicho alikwenda nyumbani kwake, akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akakaa kwenye mkeka wake na kunywa chai yake vikombe viwili. Baada ya chai hiyo mama yangu akawa hajulikani.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Masasi, lakini nilizaliwa Newala, pale ukingoni mwa uwanda ambapo ukifungua mlango wa nyuma unaliona bonde lote la Ruvuma limelala chini. Udongo wa kufinyangia unachimbwa huko chini bondeni. Utotoni mwangu mama alikuwa akishuka na wenzake alfajiri na kurudi jua limeshakuwa kali, wamebeba madonge ya udongo kichwani yaliyofungwa kwa majani ya mgomba, wanapanda ule mteremko bila kuzungumza. Vyungu vyake vimepika karibu kila jiko la mtaa wetu. Alitaka nami nijifunze, lakini nilipofaulu darasa la saba alibadili mawazo mwenyewe. Alinipiga kibao cha mkono nilipogusa udongo, akasema nishike kalamu. Nikaishika kalamu, na udongo sikuugusa tena.

Sasa habari ya wanyama. Katika ukoo wetu, ambao kama koo nyingi za huku unahesabiwa kwa upande wa mama, msichana akikaribia kuchezwa unyago, bibi yake mzaa mama humfinyangia mnyama mmoja mdogo, wa kukaa kiganjani. Anaweza kuwa kobe, kanga, kicheche, panya, yeyote. Msichana hachagui, na mama yake haulizwi. Bibi humtazama mjukuu kwa miaka, halafu anajua mwenyewe. Mimi nilipewa kobe, na kwa muda mrefu niliona nimetukanwa.

Mnyama huyo hafinyangwi macho. Anakaushwa kivulini hivyohivyo, kipofu, na hachomwi kwanza. Siku mwali anapotoka ndani, anaulowesha uso wa mnyama wake kwa maji kidogokidogo mpaka udongo ulainike, kisha anatoboa macho mwenyewe kwa mwiba, huku kungwi wake akimwambia yale anayoambiwa. Hapo ndipo mnyama anakuwa wake. Ndipo anachomwa pamoja na vyungu, na msichana anakaa naye kwenye sanduku la nguo mpaka atakapozaa mtoto wa kwanza. Akishazaa, anamrudisha kwa mama yake, na mama anamtia kwenye kinu pamoja na vigae vingine na kumtwanga. Mfinyanzi yeyote atakwambia kwamba udongo mtupu hupasuka motoni, lazima uchanganywe na unga wa vigae ndipo ushikane. Mimi nilipojifungua binti yangu nilimrudisha kobe wangu nikiwa bado natembea kwa shida. Nilisikia kinu kikilia uani, nikageukia upande wa pili nikalala. Unga wake sikuuliza ulikwenda wapi.

Yale maneno ya kungwi siyaandiki hapa. Si kwamba ni mabaya. Yana mahali pake na watu wake, na hapa si mahali pake.

Mwaka huu ilikuwa zamu ya binti yangu. Yupo kidato cha pili, anasoma bweni, na tulipanga achezwe likizo ya Desemba kama wanavyofanya wengi siku hizi, maana shule haingoji mtu. Mama alimfinyangia panya. Binti yangu ana tabia ya kuweka akiba ya kila kitu, mpaka vipande vya penseli, kwa hiyo sikushangaa. Alikuwa panya wa shambani hasa, mgongo umepinda kidogo, pua mbele, mkia mrefu umezungushiwa miguuni. Chini ya taya palibaki alama ya kidole gumba cha mama, pale alipokuwa amemshikilia akilainisha mgongo kwa kokoto.

Alimweka juu ya dari ya jikoni akauke. Ulikuwa wakati wa kipupwe, na kabla hakijaisha mama akapata kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa, na mdomo ukaenda upande. Namshukuru Mungu hakututoka, lakini siku niliyomwona anajaribu kulishika gunzi la kulainishia vyungu kwa mkono wa kushoto na likamponyoka mara tatu, nilitoka nje nikalia kama mtoto. Nilijua yule panya ndiye mnyama wa mwisho.

Ndipo akatokea huyo mratibu wa maonyesho. Alikuwa kijana wa mkoa mwingine, amekuja kikazi, mtanashati, na adabu haikumpungua. Sikatai kwamba hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu mtu mbaya ningemshtukia mapema. Alisikia shuleni kwamba mama yangu ni mfinyanzi, akaniomba nimpeleke Newala. Alivitazama vyungu vyote, akavipiga picha, halafu macho yake yakapanda juu ya dari ya jikoni. Akauliza kile kidogo ni nini. Nikamweleza kwa kiasi cha kuelezeka. Akauliza maana yake. Nikamwambia maana haisemwi kwa wanaume wala kwa asiyechezwa. Aliitikia kwa kichwa kwa heshima kubwa, akaandika kitu kwenye daftari lake. Mimi mjinga nilidhani ameandika kwamba haisemwi.

Aliomba kumwazima panya kwa wiki mbili. Mama, ambaye wakati huo maneno yalikuwa yakimtoka kwa taabu, alisema mara moja tu: huyo ni wa mwali. Nami ndiye niliyembembeleza. Nilisema atarudi kabla ya Desemba, nilisema watu wataona kazi yake, nilisema miaka yote hiyo hakuna aliyemtambua na sasa wamekuja wenyewe mpaka mlangoni. Nilijawa na fahari, na fahari ilinitia upofu. Mama alifumba macho. Nilichukulia kwamba amekubali, kwa kuwa ndivyo nilivyotaka kuchukulia, nikamsainia mratibu karatasi yake.

Siku ya maonyesho nilipeleka wanafunzi wangu. Ukumbi ulijaa ngoma, mikeka, vinyago vya mpingo, mizinga ya nyuki. Nilikuwa nimewaambia tangu darasani kwamba wataona kazi ya mama yangu, na nilikuwa nimevaa gauni langu zuri kuliko yote. Tukafika kwenye ile meza ya kitambaa cha kijani. Mwanafunzi mmoja, msichana mwenye kuuliza sana, akasoma kikaratasi, akainama, akaniuliza mbona sungura huyu ana masikio madogo.

Nilikuwa namtazama panya wa binti yangu na simjui. Walikuwa wamempaka vanishi, anang'aa kama kiatu kipya. Mkia haukuwepo, pamebaki kovu tu lililosuguliwa kwa msasa. Na usoni alikuwa na macho. Matundu mawili yaliyotobolewa kwa msumari, la kushoto limemeguka mpaka shavuni.

Nilimtafuta mratibu nikamkuta mlangoni anapokea wageni. Akanieleza bila wasiwasi wowote, tena kwa furaha, kama mtu anayesubiri kushukuriwa. Mkia ulivunjika njiani, gari liliporuka kwenye shimo. Mwanzoni walisikitika, lakini kamati ilipokaa ikaona afadhali, maana wangeandika panya wageni wangecheka. Akashusha sauti, akasema ninajua mwenyewe jinsi watu wa huku tunavyotaniwa.

Ninajua, ndiyo. Tangu niajiriwe, hakuna mwalimu kutoka mkoa mwingine aliyehamia shuleni kwetu akamaliza mwezi bila kuniuliza kama jana nilikula panya. Nami nimekula. Nimekula panya wa shambani, si wa darini, ambao mama na shangazi zangu waliwachimba kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa, wakawabanika, tukawala kwa ugali wa muhogo na tukashiba. Lakini ofisini miaka yote nilicheka pamoja nao. Wakati mwingine nilikana kabisa, nikasema hayo ni mambo ya zamani. Kwa hiyo pale mlangoni, nilipotaka kumtukana yule kijana kwa kumwonea haya panya wetu, maneno yalinikwama, kwa sababu haya hiyo ameikuta kwangu. Hilo nalo lilinichoma.

Nikamuuliza kuhusu macho.

"Tumekisaidia tu, Mwalimu," akasema. "Kilikuwa hakijamalizika."

"Macho hayo hayakuwa yako kuyatoboa."

Akasema samahani kama ameniudhi, lakini kitu kisicho na macho hakivutii mbele ya watu. Nikamuuliza kwa nini ameandika msanii hajulikani, na mama yangu amempa mkeka na chai. Alijikuna shingo. Fomu yao, akasema, ina nafasi ya jina la msanii mwenye kikundi kilichosajiliwa, na mama hana kikundi, basi waliona waandike hivyo kuliko kuacha wazi. Na ujanja je? Hapo alitabasamu, akasema kila mtu anajua sungura ni mjanja.

Sikupiga kelele. Wanafunzi wangu walikuwa wananitazama. Nilirudi kwenye meza, nikamchukua panya, nikabandua kikaratasi kwa kucha, nikamviringisha panya kwenye mtandio wangu. Mratibu alinifuata akiniambia nilisaini kwamba kitakaa mpaka mwisho wa maonyesho. Nilimwambia nilisaini kuhusu panya, na kwa maandishi yake mwenyewe panya hawana. Wanafunzi walicheka. Mimi sikucheka.

Jumamosi nilikwenda Newala. Ulikuwa msimu wa korosho, barabara nzima inanuka mabibo yaliyooza, na kila nyumba ilikuwa na magunia barazani. Mama alikuwa amekaa kwenye kivuli cha paa la jikoni, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akishike. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikamweleza kila kitu tangu mwanzo, nikamsomea na kikaratasi. Nilitarajia akasirike pamoja nami. Nilihitaji akasirike.

Aliposikia neno sungura alicheka. Alicheka kwa ule upande wa mdomo uliobaki mzima, mpaka machozi yakamtoka, akaniambia nirudie. Nikarudia huku nimenuna. Akacheka tena.

Kisha akamchukua panya kwa mkono wa kushoto, akampapasa kwa kidole, mgongoni, kwenye kovu la mkia, halafu usoni. Kidole kilipoingia kwenye tundu la jicho, kicheko kikakatika.

"Keshatobolewa," akasema. Tulikuwa tunazungumza Kimakonde, nami naandika kwa Kiswahili. "Huyu si wa mjukuu wangu tena. Mtie maji."

Kwa kuwa hakuwa amechomwa, udongo wake ulikuwa bado udongo. Ukiuweka kwenye maji unarudi kuwa tope, unafinyangwa upya. Nilijua. Lakini nilimkumbatia yule panya kifuani kama kuna mtu anataka kuninyang'anya. Nilimwambia mama haiwezekani. Nilisema tutamwomba mfinyanzi mwingine, jirani yetu wa siku nyingi, afinyange mnyama wa mwali, na huyu nitakwenda naye Masasi. Nitamweka kwenye kabati la vioo sebuleni. Nikamwonyesha alama ya gumba chini ya taya, iliyojaa vanishi lakini bado inaonekana, na nikamwambia, Mungu anisamehe, kwamba mkono ule haupo tena.

Mama akaniuliza:

"Na wewe utaandika kikaratasi?"

Niliona uso unaniwaka. Nilikasirika, safari hii kwa mama yangu mwenyewe, mgonjwa, na nikamjibu kwa sauti ambayo sikuwahi kumtolea tangu nizaliwe. Nikamwambia kwamba huyu ndiye wa mwisho, hafahamu kwamba huyu ndiye wa mwisho?

"Wa mwisho kwa nani?" akasema. Maneno yalimtoka moja moja, kwa kazi kubwa, na hakuna hata moja alilolipoteza. "Nilikuwa na unga kwenye kopo. Niliuweka tangu ulipojifungua, na ndio niliomchanganyia huyu. Kobe wako yumo humo. Na kobe wako alikuwa na wangu ndani."

Nilikwenda jikoni nikaleta beseni, nikachota maji kwenye mtungi, na nikamtia panya mwenyewe, kwa mikono yangu. Mwanzoni alikaa tu, yale maji yanateleza juu ya vanishi. Nilianza kufurahi kisirisiri kwamba amekataa. Lakini tumboni hawakumpaka, maana tumbo haliko upande wa wageni, na maji yakaingia kwa huko. Povu dogodogo likapanda juu. Tumbo likalegea, miguu ikaachana, na vanishi ikabaki inaelea vipandevipande kama maganda ya kitunguu. Taya ndilo lililokwenda mwisho. Nililitazama mpaka likaisha.

Tuliyatoa yale maganda, tukayatupa. Nikadhani mama atamwita jirani. Akaniambia nikunje mikono ya gauni.

Nilisema sijui. Akasema anajua kwamba sijui. Bibi hana mkono, basi ni zamu ya mama mtu, na jirani si wa ukoo. Nilikanda lile tope kwenye kipande cha kigae mpaka likaacha kuganda vidoleni, mama akinielekeza kwa kidevu na kunikaripia kwa kila kitu. Nimebana sana. Nimelegeza sana. Nafinyanga au naandika ubaoni? Nilikuwa na miaka arobaini na sita, mwalimu mwandamizi, nimepiga magoti uani nakaripiwa, na kadiri nilivyokanda nikawa nasikia chembechembe ngumu zinakwaruza viganja vyangu. Nilisimamisha mikono. Mama aliona. Nikaendelea kukanda, polepole zaidi.

Mkia ulikuwa umepotea, na udongo mwingine hatukuwa nao, kwa hiyo niliukata tumboni. Panya wangu akatoka mwembamba, mgongo haukupinda vizuri, sikio moja limezidi jingine. Hakuna kamati duniani ambayo ingemweka mezani. Nilimkabidhi mama nikiwa nimeinamisha uso, kama mwanafunzi anayekabidhi daftari ambalo anajua hajapata hata swali moja.

Mama alimpokea kwa mkono wa kushoto. Alimpapasa kuanzia puani, akapita mgongoni, akafuata mkia mpaka nchani, akarudi. Usoni, palipokuwa patupu, alipita mara mbili.

"Huyu ni panya," akasema.

Kisha akanirudishia, akaniambia matako hayajalainika, nichukue kokoto nikalainishe.